Likasi: Takwimu za mji usio na sensa mpya

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984. Kwa mwanafunzi wa Likasi, jimboni Haut-Katanga, anayeandaa utafiti wa takwimu kuhusu kipato, shule au maji, maana yake ni kwamba hana orodha kamili ya kaya ya kuchagulia watu wa kuhoji.

Njia nyepesi ni kwenda sokoni na hojaji. Kanuni inayofundishwa vyuoni inasema watu wapatao 384 wanatosha kukadiria asilimia, kwa tofauti isiyozidi pointi 5 juu au chini. Lakini kanuni hiyo inafaa pale tu watu wanapochaguliwa kwa kura. Mgonjwa aliyelala nyumbani na mchimbaji aliye mgodini hawapatikani sokoni, na kuhoji watu 1,000 pale pale hakuwarudishi.

Sampuli ya hatua kwa hatua hupunguza kasoro hiyo. Likasi ina komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Mtafiti huigawa kila komini kwa mitaa, hupiga kura kuchagua michache, hupita kwa miguu kuorodhesha nyumba zake zote, kisha hupiga kura tena kupata kaya za kuhoji. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2013-2014 ulichagua kaya kwa hatua vivyo hivyo, ukafikia zaidi ya 18,000.

Swali la kutafuta chanzo cha tatizo linadai mpango mwingine. Mwaka 2009, watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Kati yao, 179 waliishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya madini, 112 kati ya kilomita 3 na 10, na 60 umbali wa kilomita 400 hivi. Waliokaa karibu walikutwa na kobalti nyingi kuliko wale wa mbali. Bila wale 60, kusingekuwa na cha kulinganisha nacho.

Bomba la maji au darasa jipya likipangwa kwa takwimu za sokoni, familia ambazo hazikuulizwa ndizo zitakazokosa.