Maji ya Kisima

Ni asubuhi. Wasichana wa kijiji wanakwenda kisimani kuteka maji. Ndoo inashuka kwa kamba, inajaa, inapanda tena. Maji ni meupe, hayana tope wala harufu. Mzee mmoja anakunywa, anasema: «Maji haya walikunywa baba zetu. Yana ubaya gani?»

Mzee hasemi uongo, lakini macho hayaoni kila kitu. Katika maji meupe huweza kukaa vijidudu, yaani viumbe vidogo kabisa. Ukivipanga 500 kwa mstari mmoja, urefu wake haupiti milimeta moja. Hata vikiwa maelfu katika kikombe, maji hubaki meupe. Waganga huvitazama kwa chombo cha vioo kinachokuza vitu. Vingi havina madhara. Lakini vile vinavyotoka tumboni mwa mgonjwa huleta kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu. Mtu mzima huweza kushindana navyo. Mtoto mchanga akihara sana, mwili wake hukaukiwa na maji upesi, naye hufa.

Vinaingiaje kisimani? Tazameni kisima chenyewe. Choo kimechimbwa karibu, tena upande wa juu. Mvua ikinyesha, maji hupenya shimoni mwa choo, hushuka chini kwa chini mpaka kisimani. Udongo huchuja, ndiyo. Lakini njia ikiwa fupi, au ardhi ikiwa ya mawe yenye nyufa, hauchuji vya kutosha. Tena ndoo imewekwa chini, pale mbuzi walipopita, kisha inatumbukizwa majini. Na kamba? Imeburutwa matopeni, nayo inashuka pamoja na ndoo.

Jambo hili liliwapata hata watu wa Ulaya. Mwaka 1854, katika mji wa London, Uingereza, palikuwa na kisima chenye bomba katika njia ya Broad Street. Watu walisifu maji yake. Mwisho wa mwezi wa Agosti kipindupindu kikaingia mtaani, na watu zaidi ya 600 wakafa. Mganga John Snow akapita nyumba kwa nyumba akiuliza: «Maji mnateka wapi?» Wengi wa waliokufa walikunywa maji ya kisima kile. Mama mmoja alikaa mbali, lakini kwa kupenda ladha ya maji yale aliletewa kwa chupa, naye akafa. Karibu na kisima palikuwa na kiwanda cha pombe. Wafanyakazi wake walikunywa pombe, tena walikuwa na kisima chao: hakufa hata mmoja.

Tarehe 8 Septemba mkono wa bomba ukaondolewa. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kupungua, maana watu wengi walikuwa wamekimbia. Baadaye wakafukua udongo, wakaona shimo la uchafu la nyumba ya jirani. Humo yalimwagwa maji yaliyofulia nguo za mtoto mchanga aliyeharisha. Kuta za shimo zilikuwa zimeoza, na kutoka hapo mpaka kisimani haikufika meta moja.

Turudi kijijini. Choo kichimbwe upande wa chini, meta 30 au zaidi kutoka kisimani. Kisima kijengewe ukingo, kiwe na kifuniko, na mfereji wa kupeleka mbali maji yaliyomwagika. Ndoo iwe moja tu, itundikwe juu ya mti. Kila mtu asitumbukize ya kwake.

Nyumbani maji yachemshwe. Yakitokota kwa nguvu dakika moja, vijidudu hufa. Katika milima mirefu ya Kivu, iwe dakika tatu. Kuni zikikosekana, maji meupe yatiwe katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, nayo ilazwe juani saa sita nzima. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Kisha mtungi ufunikwe, na maji yachotwe kwa kata yenye mkono mrefu, maana vidole vikiingia mtungini kazi yote imepotea.

Mzee atalalamika kwamba maji yaliyochemshwa hayana ladha. Ni kweli, moto umeyaondolea hewa. Yakisha kupoa, yamiminwe mara kadhaa kutoka chombo safi mpaka chombo safi: hewa itarudi, na ladha pamoja nayo.