Mafuta ya Ubani: Manufaa na Mipaka Yake

Barabara ya lami itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga hupita Laela, na pamoja na abiria na mizigo huweza kupitisha tiba za chupa za kila aina. Mojawapo ni mafuta ya ubani, ambayo wauzaji huyasifu kuwa yanatibu maumivu ya viungo, pumu, hata saratani. Mgonjwa afikaye kituo cha afya akiwa na chupa hiyo mfukoni anastahili kuelezwa kilichomo ndani yake, na kisichokuwamo.

Ubani si zao la Ufipa. Ni utomvu wa miti ya jamii ya Boswellia, iotayo katika nchi kavu za Omani, Yemeni, Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Gome huchanjwa, utomvu huchuruzika, kisha hukauka na kuwa vipande vigumu. Waumini wengi wa Ufipa huujua kwa moshi wake kanisani. Watu wa pwani huufukiza chetezoni majumbani.

Ili kupata mafuta, utomvu hupitishiwa mvuke wa maji. Viambato vyepesi hupanda pamoja na mvuke, na mvuke ukipozwa, mafuta huelea juu ya maji. Katika aina nyingi za ubani, viambato vikuu ni vile vile vinavyotoa harufu ya msonobari na ya maganda ya machungwa, yaani alfa-pinini na limonini.

Hapo ndipo kosa huanzia. Tafiti nyingi zinazotajwa na wauzaji hazikuhusu mafuta, bali dondoo la utomvu, hasa wa Boswellia serrata ya India, lenye asidi za boswelia. Dondoo hilo limeonesha kupunguza kwa kiasi maumivu ya goti lililosagika. Lakini asidi hizo ni nzito. Hazipandi na mvuke, bali hubaki chunguni. Anunuaye mafuta akitarajia matokeo ya dondoo hununua kitu kingine.

Kuhusu saratani, kuua seli ndani ya chombo cha maabara si sawa na kumponya binadamu. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziandikia barua za onyo kampuni zilizokuwa zikitangaza mafuta ya kunukia kuwa tiba ya magonjwa makubwa.

Hatari kubwa zaidi ni kupotea kwa muda. Mama mwenye uvimbe wa titi anayepaka mafuta kwa miezi sita anaweza kupoteza kipindi ambacho upasuaji ungemponya. Atakapofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, huenda ugonjwa umekwisha kuenea. Mtoto anayepumua haraka, au ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Ufipa huwafanya watu wafunge milango na madirisha. Kufukiza ubani juu ya makaa katika chumba kama hicho humdhuru mwenye pumu na mtoto mchanga. Zaidi ya hayo, makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu na iwezayo kuua.

Atakaye kutumia mafuta haya kwa harufu au kwa kuchua misuli ayazimue kwanza: matone 2 katika kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti, akijaribu kidogo mkononi na kusubiri siku moja. Yasinywewe, yasitiwe machoni wala puani. Mjamzito na mtoto mdogo wasiyatumie bila ushauri wa mtaalamu. Chupa ifungwe vizuri, mbali na moto na watoto, kwani mafuta yaliyokwisha kuharibika kwa hewa huwasha ngozi zaidi. Mtoto akiyanywa, asitapishwe. Apelekwe kituoni pamoja na chupa yenyewe.

Kwa mhudumu wa afya, swali muhimu ni hili: “Mama, au baba, kuna dawa nyingine unayotumia nyumbani?” Liulizwe bila kejeli, na jibu liandikwe kwenye faili. Mgonjwa aliyechekwa ataificha chupa, na hatasema ameacha dawa zake za shinikizo la damu au za kifua kikuu. Aliyesikilizwa anaweza kubaki na harufu aipendayo, akaendelea na tiba inayomponya.