Baada ya Kiharusi: Je, Picha ya Ubongo Inaweza Kutuambia Nani Atapona?



Katika ziara zetu maparokiani kuna swali moja ambalo limekuwa likirudi. Mzee wa jumuiya amepata kiharusi, upande mmoja umepooza, na hospitali imeshauri apigwe picha ya ubongo. Kamati inakaa na kujiuliza: tuchangie picha hiyo, au fedha hizo zisaidie nauli ya kwenda mazoezini? Na picha ikishapigwa, itatuambia kama mzee atatumia tena mkono wake? Katika makala hii tunaeleza kwa kifupi yale ambayo wataalamu wamejifunza.

Ugonjwa huu hauko mbali nasi. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 wilayani Hai na jijini Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa, baada ya kusawazisha tofauti za umri, kila mwaka zaidi ya watu 300 katika kila 100,000 walipata kiharusi kwa mara ya kwanza Dar es Salaam, na zaidi ya 100 wilayani Hai.

Kazi ya kwanza ya picha

Kiharusi ni cha namna mbili. Cha kwanza, ambacho ndicho kinachotokea zaidi, ni pale bonge la damu linapoziba mshipa na sehemu ya ubongo ikakosa damu. Cha pili ni mshipa kupasuka na damu kuvuja ndani ya kichwa. Kwa macho huwezi kutofautisha, kwani wote wawili mdomo umepinda na mkono umelegea. Lakini dawa inayomsaidia wa kwanza inaweza kumuua wa pili. Ndiyo sababu picha ya CT inahitajika mapema, kwani damu iliyovuja huonekana mara moja. Dawa ya kuyeyusha bonge, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze.

Tuelewe pia kwamba picha ya CT ya saa za mwanzo inaweza kuonekana safi hata kama mshipa umeziba. Familia isirudi nyumbani ikidhani hakuna ugonjwa. Picha ya MRI huonyesha mapema zaidi sehemu iliyoathirika, ila mashine zake ni chache na gharama yake ni kubwa.

Je, picha inatabiri?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Jambo kubwa si ukubwa wa jeraha peke yake, bali mahali lilipo. Amri za kusogeza mkono hutoka juu ya ubongo na kushuka kwa njia moja nyembamba kuelekea uti wa mgongo. Kama kijiji kina barabara moja na daraja moja, daraja likivunjika kijiji kimekatika, hata kama mashamba yote ni mazima. Vivyo hivyo, jeraha dogo katika njia hiyo linaweza kuupooza mkono kuliko jeraha kubwa lililo mahali pengine.

Huko Auckland, New Zealand, Profesa Cathy Stinear na wenzake walichapisha mwaka 2012 utaratibu wa kutabiri hali ya mkono ambao ulitumia, pamoja na vipimo vingine, picha ya MRI ya njia hiyo. Mwaka 2017, baada ya kuwafuatilia wagonjwa 207, waliurekebisha, na MRI ikaondolewa. Ilionekana kwamba kupima ukali wa kiharusi kitandani kunatosha kushika nafasi yake.

Utaratibu wao unaanza hivi. Ndani ya siku tatu, mgonjwa huombwa kuinua mkono uliopooza kwa pembeni kutoka begani, na kunyoosha vidole. Kila kitendo hupewa alama 0 hadi 5. Anayepata jumla ya 5 au zaidi ana matumaini mazuri, na umri wake huangaliwa pia. Anayepata chini ya hapo hupimwa kwa kifaa cha sumaku kinachowekwa juu ya kichwa, ili kuona kama njia ile bado inapitisha amri. Utabiri huu ulikuwa sahihi kwa takriban wagonjwa watatu kati ya wanne.

Watafiti wa Uholanzi nao walichapisha mwaka 2010 matokeo ya wagonjwa 188. Walioweza kusogeza bega na vidole kidogo tu siku ya pili walikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kurudisha angalau sehemu ya utendaji wa mkono baada ya miezi sita. Kwa wale ambao hawakuweza kabisa, uwezekano ulikuwa asilimia 25.

Tuitazame namba hiyo ya mwisho. Mmoja kati ya wanne waliolala bila hata kidole kusogea alipata nafuu fulani. Kama familia yake ingeambiwa "huyu basi tena" na ikaacha kumnyoosha, kumgeuza na kumzoeza, utabiri ungetimia kwa sababu ya kuachwa kwake.

Vipimo hivi vinahusu mkono tu. Havisemi lolote kuhusu kutembea au kuishi. Kuhusu usemi, watafiti wa chuo cha UCL, London, hulinganisha picha ya MRI ya mgonjwa na picha za watu wengi walioumia mahali panapofanana, ili kuona wale walirudiaje kusema. Hapo picha bado ina kazi kubwa.

Ushauri wetu kwa kamati

(a) Mgonjwa awahishwe hospitali mara dalili zinapoanza. Mchango wa CT ya siku ya kwanza usicheleweshwe, kwa kuwa huamua tiba.

(b) Kabla ya kuchangia MRI, muulizeni daktari: je, majibu yatabadilisha matibabu? Kama ni kwa ajili ya kujua tu mkono utapona au la, ombeni kwanza bega na vidole vipimwe ndani ya siku tatu, na majibu yaandikwe.

(c) Mwenye matumaini mazuri azoezwe kuutumia mkono uliopooza kila siku. Mwenye matumaini madogo afundishwe pia kutumia mkono mzima, ageuzwe kitandani asipate vidonda, na aendelee kufuatiliwa.

(d) Wote waendelee na dawa za shinikizo la damu kama walivyoelekezwa, ili kiharusi kisirudi.

Kwa wafadhili wetu tunasema: mchango wenu kwa nauli ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayefika nyumbani si mdogo kuliko mchango wa mashine. Utabiri unatusaidia kupanga namna ya kumhudumia mgonjwa. Usitumike kuchagua nani aachwe.