Mpingo: Usiuze mzizi ukapoteza gogo

MKULIMA anayefungua shamba la mtama au alizeti katika wilaya za Kongwa, Mpwapwa au Kondoa anaweza kukuta mpingo mahali hapo. Kwa kuwa ni mti mfupi, wenye miiba na mashina yaliyopinda, huonekana kichaka tu na kufyekwa.

Hata hivyo, moyo wake mweusi ni mali. Ni mzito kiasi cha kuzama majini na hauliwi na mchwa. Wachonga vinyago wa Kimakonde huutegemea, na Ulaya hutengenezewa klarineti na zumari. Tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES.

Aidha, mpingo ni dawa. Waganga wa jadi huchemsha mizizi yake kwa ajili ya maumivu ya tumbo na kuhara. Moshi wa mizizi hiyo huvutwa na mwenye mafua au kichwa kinachouma, na magome yaliyosagwa huwekwa kwenye vidonda.

Hapo ndipo penye hesabu. Mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa mbao, lakini fungu la mizizi huuzwa kwa siku moja. Anayekata mzizi mkuu, au kubandua gome kuzunguka shina lote, anakula mtaji akidhani ni faida.

Njia ya kupata dawa bila kuua mti ipo. Chimba upande mmoja tu, chukua mizizi midogo ya pembeni, kisha rudishia udongo. Gome litolewe kipande kidogo, na mti upumzishwe hadi kidonda kizibe.

Mpingo pia huchipua kutoka kwenye kisiki na kwenye mizizi iliyojeruhiwa. Kwa hiyo unafaa kwa Kisiki Hai, utaratibu ambao shirika la LEAD Foundation limeueneza Dodoma tangu mwaka 2018. Chagua machipukizi machache yaliyonyooka, pogoa mengine, weka alama, kisha yalinde dhidi ya moto na mbuzi.

Kusema kweli, anayetunza chipukizi leo hatauza gogo lake, atauza mjukuu. Lakini yeye naye hapati hasara. Mpingo ni wa jamii ya mikunde, hivyo husaidia kurutubisha udongo. Majani yake ni malisho ya mifugo na maua yake huvuta nyuki.

Kwa upande wa kijiji, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kutenga msitu wa hifadhi na kunufaika na mapato yake. Huko Singida, wanavijiji wanaozunguka msitu wa Mgori walianza kuulinda wenyewe tangu miaka ya 1990.

Kabla ya kukata mpingo, hata ulio shambani kwako, muone ofisa misitu wa wilaya kuhusu kibali. Na mtoto anayeharisha mfululizo apelekwe zahanati mapema, mzizi usimcheleweshe.