Nasaba ya Programu

Aghalabu mtu anayetumia kompyuta ya Mac hukutwa na jambo la ajabu: amri aliyoiandika katika terminali ikatiiwa mara moja, akiitoa amri hiyo hiyo kutoka ndani ya Emacs, programu anayoandikia matini yake, huambiwa kwamba haikuonekana. Wengi huihukumu Emacs kuwa mbovu, wakaing'oa na kuiweka upya, wasipate faida yoyote, maana kasoro haimo katika mwili wa programu bali katika nasaba yake.

Tangu toleo la saba la Unix, lililotoka mwaka 1979, kila programu inapozaliwa hurithi kwa mzazi wake orodha ya majina na thamani zake, tuziitazo vigeu vya mazingira. Kilicho mashuhuri kupita vyote ni PATH, wasia unaotaja kwa taratibu saraka ambamo amri zitatafutwa. Ile ya kwanza yenye amri inayotakiwa hukata shauri, na zilizo baada yake hazitazamwi. Tena urithi huu ni nakala, si mali ya shirika: mzazi akibadili wasia baada ya kuzaa, mtoto hana habari.

Terminali huzaa sheli, nayo si ile ya kutilia petroli bali ni programu ipokeayo amri zetu. Na sheli husoma faili lake la maagizo, mathalan .zshrc, ikaongeza saraka kama /opt/homebrew/bin. Lakini Emacs iliyofunguliwa kwa kubonyeza picha yake haikupita mlango huo. Mzazi wake ni launchd, msimamizi wa programu katika Mac, asiyesoma maagizo ya sheli, naye kwa kawaida huipa saraka nne tu: /usr/bin, /bin, /usr/sbin na /sbin. Shida ikazidi mwaka 2019, Apple ilipoifanya zsh kuwa sheli ya kawaida mahali pa bash, kwani wasia uliobaki katika .bash_profile zsh haiusomi.

Juu ya hayo, Emacs ina daftari mbili: exec-path, inayoitumia yenyewe kutafutia programu, na process-environment, inayowarithisha watoto wake. Atengenezaye moja akaiacha ya pili amezusha ugomvi mpya nyumbani mwake.

Basi dawa huanza kwa kuuliza pande zote mbili: katika terminali andika echo $PATH, na katika Emacs ita M-x getenv na kutaja PATH, kisha linganisha majibu. Yakihitilafiana, kifurushi kiitwacho exec-path-from-shell huiendea sheli, kikaiuliza wasia wake na kuuandika katika daftari zote mbili. Na kila ubadilipo maagizo, ifunge programu kabisa, uifungue tena. Nakala iliyokwisha kurithiwa haijirekebishi.