Matope ya Mlimani Yasiingie Lami

Masika yakishika katika milima ya Uluguru, lami ya Bigwa hubadilika rangi. Magari yanayoshuka kutoka Matombo, Mkuyuni, Kinole na vijiji vya juu huingia mjini yakiwa yamebeba udongo kwenye magurudumu, nao hudondoka na kuchora mistari miwili myekundu barabarani. Mistari hiyo huanza minene, ikapungua kadiri unavyokaribia Morogoro mjini. Jua likitoka kidogo hukauka na kuwa vumbi. Manyunyu yakirudi, vumbi lile hugeuka utelezi, na kijana wa bodaboda aliyepakia watu wawili hana habari kwamba ameacha lami na kukanyaga sabuni.

Udongo huo haukutembea wenyewe. Umeletwa na malori ya ndizi na machungwa, na Noah za abiria, na pikapu za watu waliokwenda msibani. Hata ujenzi wa lami ukisogea mbele kuelekea Mvuha na Kisaki, njia za pembeni zinazopanda vijijini zitabaki za udongo kwa miaka mingi, na mahali zinapokutana na lami patakuwa na matope yale yale. Jambo ninalotaka tulizungumze juma hili ni dogo kwa kulitazama: gari likitoka kwenye matope, lisafishwe kabla ya kukanyaga lami. Sisemi lioshwe ling'are kama la bwana harusi. Nasema yaondolewe yale matope yanayoweza kuua.

Kwa jambo hili yafaa tuwatazame wenzetu wa nchi za theluji. Hapa kwetu theluji iko kileleni Kilimanjaro, ambako hakuna dereva wa kusumbuliwa nayo. Lakini ndugu zetu wengi wanaoishi Uingereza, Ujerumani, Sweden na Marekani huliacha gari jioni likiwa jeupe kwa rangi yake, na asubuhi wakalikuta jeupe kwa theluji, vioo vimeganda barafu ngumu. Mgeni wa mwaka wa kwanza hukimbilia birika la maji ya moto. Kioo kilichoganda kikimwagiwa maji ya moto huweza kupasuka papo hapo, na maji yenyewe huganda tena chini ya gari yakawa utelezi mwingine. Mwenyeji hutumia kikwaruzo cha plastiki na brashi, anawasha gari, anasubiri.

Lililo muhimu kwetu ni kwamba katika nchi hizo kazi hiyo haikuachwa kwenye hiari ya dereva. Kanuni za barabarani za Uingereza zinamtaka, kabla hajaondoka, aondoe theluji na barafu kwenye vioo vyote, ahakikishe taa ni safi na namba za gari zinasomeka, kisha aondoe pia theluji yoyote inayoweza kudondoka na kuwaangukia wengine. Ujerumani dereva aliyekwangua kitundu kidogo tu cha kuchungulia mbele ya uso wake hutozwa faini, hata kama hajagonga mtu. Katika jimbo la New Jersey, Marekani, anayeacha theluji juu ya paa la gari hutozwa dola 25 hadi 75, na ikiwa kipande kimeruka na kumjeruhi mtu au kuharibu mali, faini huanzia dola 200 na kufika 1,000 kwa gari la kawaida. Hakuna anayekubaliwa kujitetea kwamba theluji imeshushwa na Mungu. Imeshushwa na Mungu, ndiyo, lakini aliyeitembeza barabarani ni dereva.

Sisi tunayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, nayo inakataza kuendesha gari lililo katika hali ya kuhatarisha watu. Trafiki wetu huuliza leseni, bima, kizimamoto na pembetatu. Ni mara chache kumsikia dereva akiulizwa kwa nini taa zake zimefunikwa udongo. Hapana shaka sababu ni kwamba matope tumeyazoea. Tunayaona ni ushahidi kwamba mtu ametoka kazini. Kwa maoni yangu ni mzigo usiofungwa kamba, kama mkungu wa ndizi ulioachwa uninginie nyuma ya lori.

Tuanze na macho ya dereva, yaani kioo cha mbele. Matope yaliyokauka juu ya kioo yamejaa mchanga. Dereva akiwasha waipa kabla ya kumwaga maji, mchanga ule husagwa juu ya kioo na kukichora mikwaruzo myembamba. Mchana hutaiona. Utaiona usiku, pale taa za basi linalokuja zitakapotawanyika kwenye mikwaruzo hiyo na kioo kizima kikawa pazia jeupe. Maji kwanza, waipa baadaye. Mipira ya waipa nayo ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, na ikiwa imekauka na kupasuka ibadilishwe kabla ya Machi. Bei yake huwezi kuilinganisha na bei ya kioo.

Liko tatizo jingine la kioo ambalo watu wa Uluguru wanalijua vizuri, nalo ni ukungu wa ndani. Gari limejaa abiria walionyeshewa, nguo zao zinatoa mvuke, pumzi zao zinatoa mvuke, na kioo ni baridi kwa sababu ya mvua ya nje. Mvuke ukigusa kioo baridi hugeuka matone madogo sana, na dereva haoni kitu. Wengi hufuta kwa kiganja. Kiganja huacha mafuta ya ngozi, na ukungu unaofuata hushika vibaya zaidi, kisha dereva anabaki na kile kitundu cha kuchungulia wanachokitoza faini Wajerumani. Dawa ni kuingiza hewa kavu: fungua dirisha kidogo hata kama abiria watalalamika, elekeza feni kwenye kioo, chukua hewa ya nje badala ya kuizungusha ile ile ya ndani. Gari lenye kiyoyozi kiwashwe pamoja na joto, maana kiyoyozi hukausha hewa. Kadhalika kioo kioshwe kwa ndani mara kwa mara, kwa kuwa ukungu hupenda kioo kichafu. Yapo mafundisho ya kijiweni ya kusugua kioo kwa tumbaku ili maji yateleze. Mwenye waipa nzima hana haja nayo.

Taa na vibao vya kuakisi mwanga nyuma ya lori havihitaji maneno mengi. Tabaka la udongo jembamba kama karatasi linatosha kuzima nguvu ya taa, na dereva aliye ndani hawezi kujua, kwa sababu swichi yake inamwambia taa zinawaka. Lori la mkaa lisilo na taa za nyuma, likitembea polepole saa moja jioni, ni ukuta uliojengwa katikati ya barabara. Dereva anayekuja nyuma kwa kilometa 80 kwa saa anakula mita 22 kila sekunde. Hesabu mwenyewe atakuwa amefika wapi kabla mguu haujagusa breki.

Sasa tuje kwenye magurudumu, ambako ndiko kwenye kiini cha neno langu. Kashata za tairi, yaani zile njia zilizochongwa juu yake, zimewekwa ili kupitisha maji pembeni na kuiachia raba iishike barabara. Udongo wa mfinyanzi ukijaa humo, tairi jipya huwa sawa na kipara. Ndiyo maana gari lililoshuka milima yote bila kisa huweza kuteleza kwenye lami iliyonyooka: dereva ameona lami, akaongeza mwendo, kumbe bado amevaa viatu vya matope.

Matope huingia pia ndani ya rimu. Yakikauka upande mmoja, gurudumu hupoteza ulinganifu, na usukani huanza kutetemeka mwendo unapoongezeka. Wapo wanaokimbilia kwa fundi kubadilishiwa vipuri vya usukani, wakati tiba ilikuwa kijiti na ndoo moja ya maji. Breki nazo zikiloa maji na tope hukamata kwa kuchelewa au kuvuta gari upande mmoja. Ukishavuka kijito au dimbwi kubwa, na ukiwa bado kwenye mwendo mdogo, kanyaga breki taratibu mara kadhaa zipate joto na kukauka. Usingoje kuzijaribu mbele ya watoto wanaovuka kwenda shule.

Kwa malori kuna jambo la kutisha zaidi. Magurudumu ya nyuma yamepangwa mawili mawili, na katikati ya kila jozi huwa kuna nafasi ambayo jiwe la barabara ya mlimani hupenda kujikita. Kwenye udongo lori hutembea polepole na jiwe linatulia. Lori likipata lami na kushika kasi, jiwe huchomoka na kurushwa nyuma kwa nguvu ya gurudumu linalozunguka, na aliye nyuma hupokea kioo usoni. Tandiboi mwenye nondo fupi humaliza kazi ya kukagua na kung'oa mawe hayo kwa dakika chache. Akiwa huko huko atazame na turubai la juu. Maji ya mvua hujikusanya katikati ya turubai kama kwenye karai, na dereva akifunga breki ghafla yote humwagika mbele, juu ya kioo chake mwenyewe. Wenzetu wa theluji wanalijua hilo: breki moja tu, na theluji ya paani hushuka mzima mzima ikafunika kioo cha mbele.

Mtu atauliza, maji ya kusafishia yatoke wapi? Jibu la wengi ni kuliingiza gari kijitoni, na hapo nitakataa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Tena si suala la sheria pekee. Gari halitoi matope matupu. Linatoa grisi, oili na dizeli. Vijito vya upande wa Bigwa vinamwagika katika mto Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha jiji la Dar es Salaam. Kabla maji hayo hayajafika Dar yamekwisha kupita kwa mama anayechota kwa ndoo mita mia moja chini yako.

Dumu moja la lita 20, brashi ngumu, kijiti cha kukwangulia na matambara mawili yanatosha. Yawekwe ndani ya gari tangu Machi hadi mwisho wa Mei, na tena wakati wa vuli. Dereva asimame mahali tambarare kabla ya lami, mbali na kona. Aanze kwa kukwangua tope kavu bila maji, kuanzia magurudumu, kisha maji yatumike kwa vioo, taa na namba za gari tu. Abiria watanung'unika kwamba wanachelewa sokoni. Wapewe na wao matambara. Vioo vya pembeni haviwashindi.

Na tope lililokwanguliwa lisisukumwe kwenye mtaro wa barabara, kwa maana mtaro ukiziba, mvua ya usiku ule ule italirudisha juu ya lami. Litupwe upande wa juu, kwenye majani, litakapotulia.