Namna ya Kumwuliza Mgonjwa: Sentensi ya Kupima Virusi vya UKIMWI Katika Chumba cha Dharura

Makala hii yahusu sentensi moja tu. Sentensi hiyo husemwa na muuguzi au daktari akimwambia mgonjwa aliyeletwa hospitali kwa dharura, pengine kavunjika mguu, pengine kashikwa na homa kali au kabanwa na kifua. Nayo yakusudia kumjulisha kwamba damu yake itapimwa pia virusi vya UKIMWI. Mambo ya tiba nawaachia wenyewe, maana si kazi yangu. Lakini muundo wa sentensi hiyo ni jambo la lugha, nami nitajaribu kuonyesha kwamba haitoshi kuitafsiri tu kutoka katika Kiingereza.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini kipimo hiki kilitengwa na vipimo vingine. Kipimo cha damu cha kutambua maambukizo kilianza kutumika mwaka 1985. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuudhibiti ugonjwa, na mtu aliyejulikana kuwa nao aliweza kupoteza kazi, nyumba na hata jamaa zake. Kwa hiyo ilionekana ni haki mtu asipimwe ila baada ya kupewa ushauri nasaha, na mahali pengi Marekani, baada ya kutia sahihi katika karatasi mahsusi. Kwetu nako ukaenea usemi wa “kupima kwa hiari”, na neno “kupima” peke yake, bila kutaja kinachopimwa, likapata maana mpya: mtu akiuliza “Umepima?” hakuna asiyeelewa anauliza nini.

Hali ikabadilika. Mwaka 1996 ilidhihirika kwamba dawa kadhaa zikitumiwa pamoja huuzuia ugonjwa usiendelee. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lashauri kila aliye na virusi aanzishiwe dawa bila kungoja augue. Tena imethibitika kwamba mtu anayetumia dawa hata virusi visionekane katika damu yake hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Basi hatari kubwa leo ni ya yule asiyejua.

Ndipo watu walipokitazama chumba cha dharura. Wako wengi wasio na daktari wao, ambao hawaendi hospitali ila wamezidiwa. Mlango wa dharura ndio mlango wao wa pekee. Mnamo Septemba 2006 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa kilishauri kwamba wagonjwa wote wenye umri wa miaka 13 hadi 64 wapimwe kama desturi mahali pote pa tiba, vyumba vya dharura vikiwamo. Waarifiwe kwanza, nao wapimwe isipokuwa wakikataa, wala karatasi mahsusi ya sahihi isitakiwe tena. Mei 2007 Shirika la Afya Duniani pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI yalishauri kwamba katika nchi ambazo maambukizo yameenea kwa umma mzima, mhudumu mwenyewe ndiye apendekeze kipimo kwa wagonjwa wanaofika kituoni, huku wakiwa na haki ya kukataa. Aprili 2022 Uingereza nayo ilianza utaratibu wa namna hiyo katika vyumba vya dharura vya London, Brighton, Blackpool na eneo la Manchester, ikipima pia homa ya ini aina ya B na ya C. Kwetu Tanzania vyumba vya namna hii si vya siku nyingi: idara kamili ya dharura katika hospitali ya umma ilifunguliwa kwa mara ya kwanza Muhimbili, mwaka 2010. Sentensi yetu, basi, bado yaweza kutengenezwa kabla haijakomaa katika vinywa vya watu.

Kwamba sentensi ina nguvu si dhana yangu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya kufundishia mjini San Francisco, lililohusu wagonjwa wapatao 4,800. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza waliambiwa kwamba kipimo kipo, na anayekitaka aseme. Fungu la pili waliulizwa kama wanataka kupimwa. Fungu la tatu waliambiwa kwamba watapimwa isipokuwa wakikataa. Katika fungu la kwanza walipimwa asilimia 38. Katika la pili, asilimia 51. Katika la tatu, asilimia 66. Chumba kilikuwa kile kile na kipimo kile kile. Kilichobadilika ni maneno. Kwa kila wagonjwa 100, wapatao 28 walipimwa au hawakupimwa kwa sababu ya muundo wa sentensi.

Sasa tuziweke sentensi hizo katika Kiswahili, kwa maana yake:

1. Ukitaka kupimwa leo, utatuambia.
2. Je, wataka kupimwa leo?
3. Utapimwa leo, isipokuwa ukikataa.

Katika sentensi ya kwanza, kiungo -ki- chaweka mzigo wote juu ya mgonjwa: asipoanza yeye, hakuna litakalokuwa. Na anayeomba kipimo hiki mbele ya watu hujiona kama anayekiri jambo. Sentensi ya pili ni swali la haki, lakini kwa Kiswahili humfanya mgonjwa ajiulize, “Mbona mimi? Wameona nini kwangu?” Sentensi ya tatu ndiyo iliyozaa idadi kubwa huko Marekani. Lakini tuitazame vizuri. Kitenzi “utapimwa” ni cha kutendwa, na mtenda kafichwa. Wakati ujao umekwisha amuliwa. Na njia ya kutokea ni moja tu, nayo ni kitenzi “kukataa”.

Hapo ndipo tafsiri inapoteleza. Kitenzi ambacho Waingereza hukitumia mahali hapo ni cha adabu. Hutumika hata kwa mtu asiyetaka kikombe cha pili cha chai. Kukataa kwetu ni jambo zito. Mtoto hukataa shule, mke hukataa mume, shahidi hukataa maneno yake. Mtu mwenye adabu, mbele ya mkubwa au mgeni au daktari, hakatai: husema “haya”, au “sawa”, au “tutaona”, au hunyamaza kimya. Kwa hiyo anayeambiwa “isipokuwa ukikataa” hupewa mlango ambao malezi yake yamekwisha ufunga. Idadi ya waliopimwa itapanda, lakini hatutajua ni wangapi walioridhia na ni wangapi walioona haya.

Itasemwa: je, kunyamaza si kukubali? Swali hili lataka uangalifu, maana desturi zetu zina majibu mawili. Jibu la kwanza ni la ndoa. Kwa Waislamu wa pwani, mwanamwali akiulizwa kuhusu mchumba akanyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa idhini. Lakini anayemwuliza ni mzazi au walii wake, mtu anayemtakia mema. Ameambiwa waziwazi ni nani anayemposa. Na kinachomzuia kusema ni haya inayojulikana. Jibu la pili ni la mlangoni. Mgeni hupiga hodi, naye hungoja “karibu”. Akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, hurudi alikotoka, hawezi kusema, “Hawakunikataza, nimeingia.” Mlangoni kimya si karibu.

Je, kitandani pa dharura pafanana na posa au na mlango? Kwa maoni yangu pafanana na mlango. Muuguzi ni mgeni kwa mgonjwa, mgonjwa ana maumivu, muda ni mfupi, na mwili wa mtu ni nyumba yake. (Asiyejitambua ni jambo jingine, nalo ni la sheria na la madaktari.) Basi yafaa tupige hodi. Lakini hodi yenyewe si ya kumtisha mwenye nyumba, wala si ya kumfanya afikiri ametuhumiwa.

Pana hatari nyingine katika neno “damu”. Mgonjwa huambiwa, “Tutachukua damu kidogo kwa vipimo,” naye hufikiri malaria, au wingi wa damu. Akipimwa virusi chini ya maneno hayo, hakudanganywa kwa neno lo lote, na hata hivyo hakuambiwa. Huko Uingereza wagonjwa huarifiwa zaidi kwa matangazo ya ukutani na vikaratasi. Njia hiyo yaweza kumfaa mwenye kusoma aliyeketi akingoja zamu. Haimfai aliyeletwa usiku amelala chali, wala asiyejua lugha ya tangazo. Neno la ukutani halina budi kufuatwa na neno la kinywani, na virusi vitajwe kwa jina.

Bahati njema, Kiswahili kina chombo ambacho Kiingereza hakina: kiambishi hu-. Kiambishi hiki hakitaji nafsi wala wakati, chataja desturi. Tusemapo “Kila mgonjwa hupimwa,” hatumnyoshei mtu kidole, wala hatujamwamulia mtu lo lote. Twamweleza tu jinsi mambo yaendavyo mahali hapa, naye huondokewa na lile swali la “Mbona mimi?” Kazi ambayo Waingereza huifanya kwa amri ya “utapimwa”, sisi twaweza kuifanya kwa habari ya “hupimwa”. Lakini tahadhari moja yahitajika: “hupimwa” na “hupimwi” zimetenganishwa na irabu moja tu, na chumba cha dharura kina makelele. Kwa hiyo kitenzi hiki kisisemwe peke yake. Kitanguliwe daima na “kila mgonjwa” au “kila mtu”.

Baada ya habari hiyo na lije swali lenyewe, nalo liwe katika dhamiri ya kuomba ruhusa, ile ya “Nipite?” na “Nikuletee maji?” Hii ndiyo hodi ya vitenzi. Jibu lake laweza kuwa “haya” au “sawa”, na majibu hayo hapa ni majibu kweli, kwa kuwa yametanguliwa na swali. Na kwa asiyependa, badala ya “ukikataa” tumwekee maneno yasiyomvunjia adabu. Napendekeza hivi:

“Mama, hapa kwetu kila mgonjwa anayetolewa damu hupimwa pia virusi vya UKIMWI. Nawe twapenda kukupima. Kama leo hupendi, sema tu. Tutakutibu vile vile. Tukupime?”

Kwa mwanamume mtu mzima “Mama” itakuwa “Baba” au “Mzee”, na kwa kijana “Kaka” au “Dada”, kama desturi ilivyo. Maneno “kama leo hupendi” yana faida mbili: hayataki sababu, na neno “leo” laacha mlango wazi kwa siku nyingine. Maneno “tutakutibu vile vile” yasiachwe kamwe, maana mgonjwa mwenye hofu hudhani kwamba akisema hapendi, mguu wake hautafungwa.

Je, sentensi hii itapata watu wengi kama ile ya tatu ya San Francisco? Huenda ikapata wachache zaidi, nami silifichi jambo hilo. Kila asiyepimwa akiwa na virusi ni hasara ambayo baadaye hulipwa kwa mwili wake na wa wengine, na wenye kuhimiza kipimo cha desturi wana haki ya kutukumbusha hilo. Lakini kupimwa ni mwanzo tu. Aliyekutwa na virusi atatakiwa kurudi, kumeza dawa kila siku ya maisha yake, na kumwamini yule aliyemwambia. Mtu aliyeingiliwa bila hodi huweza kuondoka asirudi tena, na hapo tutakuwa tumepata hesabu tukampoteza mgonjwa.

Kwa hiyo nawaomba wanaotunga miongozo ya hospitali wasiiachie sentensi hii iwe ya mwisho kufasiriwa, usiku wa kuamkia siku ya kuchapwa. Iandikwe kwanza kwa Kiswahili, ijaribiwe vitandani kama wenzetu walivyojaribu ya kwao, na wauguzi, ambao ndio wasemaji wake, waulizwe yakwama wapi. Na wasomaji wanaosikia katika sehemu zao maneno bora kuliko haya niliyoyapendekeza, nitafurahi kusahihishwa.